Injini hufa kwa kiu: Atakaye nguvu zaidi na aanzie kwenye tangi la petroli

KATIKA kilima cha Kituluni, kilomita chache mashariki mwa mji wa Machakos, wageni huzima injini za magari yao, wakaondoa gia, kisha wakashangaa kuyaona yakijikokota kana kwamba yanapanda mlima yenyewe. Wataalamu hulieleza jambo hilo kuwa ni macho kudanganywa na umbo la ardhi, lakini mahali hapo pamebaki kuwa kivutio kikubwa katika Kaunti ya Machakos.

Nje ya Kituluni, hata hivyo, hakuna gari lipandalo mlima bure. Kila nguvu ya farasi inayotoka kwenye injini hulipiwa kwa petroli, na petroli hiyo sharti ifike kwa kiasi kinachotakiwa na kwa wakati unaotakiwa. Hili ndilo jambo ambalo vijana wengi wanaotaka kuyaongezea magari yao nguvu hulisahau. Huanza kwa kununua turbo kubwa, bomba pana la moshi na magurudumu ya kung'aa, huku pampu ya petroli iliyotoka na gari kiwandani miaka kumi na zaidi iliyopita ikiachwa palepale ilipo ndani ya tangi.

Matokeo yake hujulikana vyema na mafundi. Gari hukimbia kwa fahari wiki moja au mbili, kisha siku moja injini hupiga kelele kama kokoto zinazotikiswa mkebeni, moshi wa samawati hutanda nyuma, na pistoni moja inapotolewa hupatikana imevunjika au imetoboka. Akiba ya miaka huwa imeteketea kwa dakika chache.

Mapenzi yaliyozaliwa na Safari

Mapenzi ya Wakenya kwa magari yenye turbo yana historia. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na kuanzia 1973 hadi 2002 yalikuwa miongoni mwa raundi za ubingwa wa dunia, kabla ya kurejeshwa katika orodha hiyo mwaka wa 2021. Colin McRae wa Uskoti alishinda mwaka wa 1997, naye Richard Burns wa Uingereza akashinda mwaka wa 2000, wote wakiendesha Subaru Impreza. Magari ya jamii hiyo, yakiwemo Forester yenye turbo, yaliendelea kuingia nchini kwa wingi kutoka Japani yakiwa yametumika, na hadi leo ngurumo yake husikika katika barabara ya Mombasa kuanzia Athi River hadi njia panda ya kuingia Machakos.

Lakini kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawakuliona kandokando mwa barabara. Magari yale ya mashindano yalilazimishwa na kanuni kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34 pekee, na nguvu zake zikawa zikikadiriwa kuwa farasi 300 hivi. Ushindi wake haukutokana na turbo iliyofunguliwa bila mpaka. Ulitokana na mfumo mzima uliosawazishwa, kuanzia pampu hadi kompyuta, ili injini istahimili maelfu ya kilomita za vumbi na joto.

Hesabu kabla ya spana

Fundi mwenye busara huanza kwa kalamu na karatasi. Kwa kawaida injini ya petroli yenye turbo, inapotolewa nguvu zote, huhitaji takriban gramu 270 za petroli kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Injini ya farasi 250 kwa hiyo huteketeza kilo 67 na nusu hivi kwa saa. Kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzani wa gramu 740 hivi, hizo ni kama lita 91.

Mwenye gari akitaka farasi 400, hesabu hiyo hupanda hadi kilo 108, yaani takriban lita 146 kwa saa. Bila shaka hakuna anayeendesha saa nzima akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Hata hivyo, katika zile sekunde kumi anazokanyaga, mfumo wa petroli lazima uweze kumimina kwa kasi hiyo bila kupungukiwa hata kidogo.

Sasa zigawe lita hizo 146 kwa silinda nne. Kila nozeli itahitajika kupuliza lita 36 na nusu kwa saa, ambazo ni kama mililita 608 kwa dakika. Lakini nozeli haipaswi kuachwa wazi wakati wote. Injini inapozunguka mara 7,000 kwa dakika, mzunguko mmoja kamili wa kazi ya silinda huchukua elfu 17 hivi za sekunde, na ndani ya muda huo mfupi nozeli lazima ifunguke, ipulize na ifunge. Wataalamu wengi hushauri isitumike zaidi ya asilimia 85 ya uwezo wake. Ukiligawa lile hitaji la mililita 608 kwa kiwango hicho, utapata nozeli yenye uwezo wa mililita 715 hivi kwa dakika.

Kwa gari la farasi 250, hesabu hiyo hiyo hutoa nozeli ya mililita 450 hivi. Tofauti kati ya 450 na 715 ndiyo tofauti kati ya injini iliyoshiba na injini inayokufa kwa kiu.

Pampu na udanganyifu wa namba zake

Baada ya nozeli hufuata pampu. Pampu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari yaliyoongezwa nguvu huandikwa lita 255 kwa saa, na mnunuzi akilinganisha na lile hitaji la lita 146 hudhani ana akiba ya kutosha. Namba hiyo, hata hivyo, hupimwa katika shinikizo fulani na kwa umeme wa kiasi fulani. Kadiri shinikizo linavyopanda, ndivyo pampu inavyozidi kulemewa na kumimina kidogo.

Magari mengi hutunza petroli kwa shinikizo la baa 3 juu ya lile lililo katika njia ya kuingiza hewa. Turbo inaposukuma hewa kwa baa 1.2, pampu hulazimika kufanya kazi dhidi ya baa 4.2. Aidha, waya zilizozeeka hupunguza umeme unaoifikia. Pampu inayopaswa kupata volti 13.5 ikipata volti 12 tu, kiasi inachomimina hushuka kwa namna inayoonekana. Ndiyo maana fundi mzuri huivutia pampu waya mpya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi na rilei, badala ya kuiunganisha kwenye waya nyembamba za zamani.

Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Dereva aliyezoea kuweka petroli kidogo kidogo, taa ya onyo ikiwaka kila siku, huichosha kwa joto. Vilevile, gari linapokata kona kwa kasi likiwa na petroli kidogo, petroli hukimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa. Sekunde moja ya hewa katika injini iliyo chini ya shinikizo la turbo inatosha kuleta maafa.

Kifaa kidogo chenye siri kubwa

Kati ya pampu na nozeli kuna kifaa kidogo kinachorekebisha shinikizo la petroli. Katika magari mengi yenye turbo, kifaa hiki huunganishwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye njia ya hewa, ili shinikizo la hewa linapopanda, la petroli nalo lipande kwa kiasi hicho hicho. Mpira huo ukipasuka au ukichomoka, balaa huingia kimyakimya.

Chukua ule mfano wa baa 1.2 za turbo. Petroli ikibaki kwenye baa 3 huku hewa ikiisukuma nyuma kwa baa 1.2, nguvu halisi ya kuipuliza kupitia nozeli ni baa 1.8 pekee. Kiasi cha petroli hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo, na kwa hivyo injini hupoteza zaidi ya moja kwa tano ya petroli yake wakati ule ule inapoihitaji mno. Kipande cha mpira cha bei ndogo huweza kuua injini nzima.

Kanuni hiyo ya kipeuo cha pili pia huwaumbua wanaodhani wataepuka gharama za nozeli kubwa kwa kupandisha shinikizo tu. Kulitoa shinikizo baa 3 hadi baa 4 ni kuliongeza kwa theluthi moja, lakini petroli huongezeka kwa asilimia 15 hivi pekee, huku pampu ikilemewa zaidi.

Chujio nalo lisisahaulike. Kutu ya tangi kuukuu na uchafu unaoingia wakati wa kujaza mafuta huziba chujio polepole, na dalili zake hufanana kabisa na za pampu iliyochoka. Wapo waliobadilisha pampu mara mbili kabla ya kugundua kwamba tatizo lilikuwa chujio.

Nozeli kubwa zikishawekwa, kompyuta ya injini lazima ifundishwe upya. Isipofundishwa, itaendelea kuzifungua kwa muda ule ule wa zamani na injini italoweshwa petroli. Kazi hiyo hufanywa na mtaalamu aliye na kipimo cha hewa ya moshi. Injini inapotembea polepole, sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzani hutosha. Inapobeba shinikizo la turbo huhitaji petroli zaidi, mara nyingi sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa moja, kwa sababu petroli ya ziada huipoza silinda.

Petroli ya kituoni na mpaka wake

Hata mfumo ukimimina petroli ya kutosha, bado kuna swali la ubora wa petroli yenyewe. Kipimo cha oktani huonyesha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa na joto bila kulipuka kabla ya wakati. Oktani ikiwa ndogo kuliko mahitaji ya injini, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu, na injini hugonga. Kila kugonga ni kama nyundo juu ya pistoni.

Huko Japani, magari mengi ya turbo yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani ya 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya super katika vituo vya Kenya haifikii hapo. Gari hilo hilo, bila kuongezewa chochote, tayari linapoingia nchini huwa karibu na mpaka wake. Mwenye gari anapoongeza shinikizo la turbo kwa petroli hiyo hiyo, anausogelea mpaka huo akiwa amefumba macho.

Wapo wanaodhani kuwa kila petroli inayouzwa kwa bei ya juu ina oktani ya juu. Dawa ya kusafisha nozeli iliyotiwa kwenye petroli ni jambo moja, na oktani ni jambo jingine. Mnunuzi hana budi kuuliza namba ya oktani, asiridhike na jina linalopendeza.

Tatizo jingine ni uchakachuaji. Kwa miaka mingi baadhi ya wafanyabiashara walichanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa yaliyokuwa na bei nafuu. Ili kuukomesha mchezo huo, serikali ilianzisha mwaka wa 2018 ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hukagua vituo ili kubaini mafuta yaliyochanganywa. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno. Injini ya kawaida huweza kuyavumilia kwa malalamiko, lakini injini ya farasi 400 haina subira hiyo. Anayemiliki gari la aina hii hujichagulia kituo anachokiamini na hutunza risiti zake.

Kutoka Machakos hadi Mombasa

Jiografia nayo ina neno lake. Mji wa Machakos uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Shinikizo la hewa ni kama baa 0.84, ikilinganishwa na baa 1.01 mjini Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 17 ya hewa yake, na nguvu nazo hupungua, ingawa pia haigongi kwa urahisi.

Turbo huificha tofauti hiyo lakini haiiondoi. Chukua gari lililorekebishwa Machakos, ambalo turbo yake hudhibitiwa kwa springi iliyowekwa baa 1. Jumla ya shinikizo ndani ya njia ya hewa ni baa 1.84. Mwenye gari akiteremka hadi Mombasa kwa likizo ya Desemba, turbo bado itaongeza baa 1 ile ile, lakini safari hii juu ya baa 1.01. Jumla itakuwa baa 2.01, yaani hewa zaidi kwa asilimia 9 hivi, ingawa joto la pwani hupunguza kidogo uzito wake.

Ikiwa nozeli zilikuwa zikifanya kazi kwa asilimia 90 ya uwezo wake kule Machakos, Mombasa zitasukumwa kuelekea asilimia 98. Hapo hakuna tena nafasi ya makosa. Hewa ni nyingi na ya moto, oktani ni ile ile, na petroli ya kupoza silinda imeisha. Injini iliyokuwa salama katika vilima vya Ukambani huvunjika katika barabara tambarare za pwani, naye mwenyewe hubaki akimlaumu fundi au kuhisi kwamba amerogwa. Kompyuta nyingi za kisasa hupima shinikizo la anga na kujirekebisha, lakini hata kompyuta yenye akili kiasi gani haiwezi kuipatia nozeli uwezo isiokuwa nao.

Njia za mkato

Wasioridhika na petroli ya kituoni hutafuta njia nyingine. Dawa za kuongeza oktani zipo, lakini baadhi yake zina manganizi ambayo huacha utando kwenye plagi. Petroli ya ndege ndogo za pistoni ina oktani ya juu, lakini aina inayotumika zaidi ina risasi, ambayo huharibu kihisio cha moshi na kifaa cha kusafishia moshi. Risasi ni sumu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa katika petroli ya magari kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaiacha mwaka wa 2021. Kuirejesha barabarani kwa mlango wa nyuma ni kuwadhulumu watoto wanaopumua moshi huo.

Ethanoli nayo husifiwa sana. Hustahimili kugonga na huipoza silinda. Kenya yenyewe iliwahi kuchanganya ethanoli ya miwa na petroli kati ya mwaka wa 1983 na 1993. Lakini leo hakuna pampu ya kituoni ya mchanganyiko wenye asilimia 85 ya ethanoli ambayo dereva wa Machakos anaweza kuitegemea. Mchanganyiko huo pia huhitaji ujazo mkubwa zaidi wa mafuta, takriban asilimia 30 hadi 40 juu ya petroli. Nozeli za mililita 715 tulizozipigia hesabu hazingetosha tena. Wanaonunua ethanoli ya viwandani na kujichanganyia kwenye madumu hujiweka hatarini, kwani maji yakiingia, ethanoli hujitenga na petroli na kuzama chini ya tangi, mahali ambapo pampu hunyonyea.

Njia iliyo salama ni kukubali mpaka wa petroli iliyopo. Hilo lina maana ya kuweka kifaa kizuri cha kupoza hewa ya turbo, kuchelewesha kidogo cheche za plagi, kupunguza shinikizo la turbo, na kulenga nguvu ambazo injini inaweza kuzitoa kila siku. Farasi 320 wanaofika nyumbani ni bora kuliko 400 wanaovutwa kwa kamba.

Moto si mchezo

Taifa hili linajua gharama ya petroli iliyomwagika. Mkasa wa Sachang'wan mnamo Januari 2009, na ule wa mtaa wa Sinai jijini Nairobi mnamo Septemba 2011, iliua watu wengi. Mfumo wa petroli wa gari ni mdogo, lakini kanuni ya moto ni ile ile. Mipira isiyotengenezwa kwa petroli ya shinikizo kubwa, vibano vya kuokoteza na mabomba yanayopita karibu na turbo yenye joto jekundu ni mwaliko wa maafa.

Kazi hii ifanywe betri ikiwa imetenganishwa, mahali penye hewa ya kutosha, kizimamoto kikiwa karibu, na pasiwe na anayevuta sigara wala kuchomelea vyuma jirani. Baada ya kufunga, pampu iwashwe bila kuwasha injini na kila kiungo kikaguliwe kwa tochi. Tone moja linatosha kuirudia kazi yote.

Mwenye gari akumbuke pia kuiarifu kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko, kwani bima husimama juu ya ukweli kamili. Vilevile breki na magurudumu yaongezwe uwezo kabla ya injini. Barabara ya umma ina wapita njia, bodaboda na watoto wa shule, na mjini mwendo wa kisheria ni kilomita 50 kwa saa hata kwa mwenye farasi 400. Kasi ina viwanja vyake, pamoja na waamuzi na magari ya wagonjwa.

Utaratibu wa kazi, basi, ni huu: pima afya ya injini kwanza, badilisha chujio, kagua waya na mipira, kisha pampu, nozeli na kirekebisha shinikizo, halafu kompyuta ifundishwe. Turbo iongezwe mwisho, na iongezwe kidogo kidogo huku kipimo cha moshi kikisomwa. Wengi huifuata orodha hii kinyumenyume kwa sababu turbo huonekana na kusikika, ilhali pampu imejificha gizani ndani ya tangi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali mno kuujenga mara ya pili.